Hawafi, Hupotea: Kemia ya Ualbino na Kliniki ya Ocean Road

Kwa vizazi vingi, sehemu nyingi za Tanzania ziliamini kwamba zeruzeru hafi, hupotea tu. Imani hiyo haikuhitaji mtu wa kuitetea, kwa maana ilionekana kujitetea yenyewe. Nani alikuwa amemwona bibi mwenye ualbino akiwa na wajukuu barazani? Nani alikuwa amewahi kualikwa kumzika? Watoto walionekana, vijana walionekana, kisha mtaa ukawasahau.

Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Cancer lilichapisha utafiti kutoka Dar es Salaam. Daktari Jeff Luande na wenzake walikuwa wamewaandikisha watu 350 wenye ualbino na kuwafuatilia. Waliona kwamba ngozi ya kila mmoja wao ilianza kuharibiwa na jua kabla hajatimiza mwaka mmoja wa kuzaliwa. Baadaye yalikuja makovu na magamba magumu, kisha vidonda visivyopona, hasa usoni, masikioni na shingoni, na hatimaye saratani. Halafu lilikuja jambo lililojibu swali la zamani: hesabu ya watu wenye ualbino ilishuka kuanzia umri uleule ambao saratani zilizokwisha kuchimba mwili zilianza kuwa nyingi.

Basi hawakuwa wakipotea. Walikuwa wakifa, wengi wao katika miaka ambayo wenzao wa rika moja wanalea na kujenga, na mara nyingi wakifia ndani kwa sababu kidonda kilikuwa kimeshawaondoa machoni pa watu muda mrefu kabla ya kifo. Imani ile ilizaliwa na jambo la kweli ambalo hakuna aliyelifuatilia hadi mwisho wake. Hiyo ndiyo sababu utafiti huo, wenye kurasa chache tu, unastahili nafasi katika historia ya jiji hili.

Kliniki iliyowahudumia watu hao ilikuwa Ocean Road, na jengo lenyewe lina historia ndefu. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ikiwa imeelekea bahari ili wagonjwa wapate upepo. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwenye hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye jina lake bado liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Baada ya uhuru majengo ya Ocean Road yalipewa kazi nyingine, kisha tiba ya mionzi ikapata makazi humo, na mwaka 1996 mahali hapo pakawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Hospitali iliyojengwa kuwakinga watu weupe kutoka Ulaya dhidi ya maradhi ya tropiki ikawa kimbilio la Waafrika ambao ngozi zao hazikuwa na kinga dhidi ya jua la nyumbani kwao.

Chama cha watu wenye ualbino Tanzania kilikuwa kimeundwa mwaka 1978, na chama na kliniki vilisaidiana: kimoja kikiwafahamu watu, kingine kikiwatibu. Mkazi wa Mwenge aliyetaka kwenda kliniki alipanda basi la Posta, akashuka mjini, akamalizia kwa miguu kando ya bahari. Wa Temeke alitokea upande wa pili. Wote walisafiri mchana, kwa kuwa kliniki hufunguliwa mchana, na safari ya kutafuta dawa ya jua ikawa yenyewe ni safari ya juani.

Sayansi iliyowafikia pale ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Chanzo chake ni daktari wa London, Archibald Garrod, na nepi za mtoto mchanga. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1901 katika familia ambayo tayari ilikuwa na watoto wenye mkojo unaogeuka mweusi ukiachwa wazi, hali iitwayo alkaptonuria. Garrod aliomba nepi zikaguliwe tangu mwanzo, na ndani ya siku chache za kwanza doa jeusi lilikwisha kuonekana. Hapo alijua kwamba si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si uchafu wa tumboni kama wengi walivyodhani. Mtoto alizaliwa nao. Alipochunguza familia za namna hiyo, aliona kwamba mara nyingi baba na mama walikuwa binamu.

Mwaka 1902 aliandika kuhusu alkaptonuria, na mwaka 1908 akatoa mihadhara kwa madaktari wenzake akieleza hali nne alizoziita makosa ya kuzaliwa nayo katika kemia ya mwili. Alkaptonuria ilikuwa mojawapo. Ualbino ulikuwa mwingine. Jambo hili halisemwi vya kutosha: katika dhana yote ya magonjwa ya kurithi ya kemia ya mwili, ualbino ulikuwamo tangu siku ya kwanza, bega kwa bega na ugonjwa wa mkojo mweusi. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado koloni la Mjerumani.

Anayetaka kuelewa Garrod aliona nini asimame Mwenge, pale Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na ile ya Bagamoyo. Makutano yale yakizibwa asubuhi, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Nyuma, kuelekea Mlimani na Ubungo, magari hujazana hadi yakamwagikia vichochoro visivyojengwa kwa ajili yake. Mbele, upande wa Mikocheni, abiria husimama kituoni wakisubiri gari lisilofika. Kero ya foleni na kero ya kituo kitupu ni mbili tofauti, ingawa zimetoka kwenye makutano mamoja.

Ndivyo ilivyo mwilini. Protini ya maharage, samaki, nyama au maziwa huvunjwa kuwa asidi amino. Mojawapo ni fenilalanini. Kimeng'enya kimoja cha ini huigeuza fenilalanini kuwa tairosini. Kutoka kwenye tairosini njia hugawanyika: sehemu hutumika kujenga protini za mwili, sehemu hutengeneza homoni za tezi ya shingo, sehemu huchomwa hatua kwa hatua hadi ikawa nishati, na sehemu ndogo huenda kwenye seli za ngozi, nywele na macho kutengeneza melanini, rangi inayokinga jua. Kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya kikikosekana kwa sababu ya kasoro iliyorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kinachopaswa kupita hukwama.

Katika alkaptonuria kizuizi kiko kwenye njia ya kuchoma tairosini. Asidi ya homojentisiki hurundikana, nyingine ikatoka na mkojo na kuwa nyeusi inapokutana na hewa, nyingine ikabaki na kuganda kwenye gegedu za viungo. Mgonjwa akifika utu uzima mgongo unakakamaa, magoti na nyonga vinaharibika. Afrika ina ushahidi wa zamani wa maradhi haya: mwaka 1977 wanasayansi walieleza katika jarida la Science kwamba rangi nyeusi waliyoichukua kwenye nyonga ya maiti iliyokaushwa ya Mmisri aitwaye Harwa, aliyeishi yapata miaka 3,500 iliyopita, ilikuwa ya asidi hiyohiyo.

Kizuizi kikiwa mwanzoni kabisa, kwenye ini, madhara ni makubwa zaidi. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland, alimpelekea daktari Asbjørn Følling watoto wake wawili ambao akili zao hazikukua na ambao walikuwa na harufu ya ajabu. Mama huyu alikuwa amezunguka kwa madaktari kwa miaka akikataa kuambiwa kwamba hakuna la kufanya. Følling aliweka kemikali ya chuma kwenye mkojo wao akitarajia rangi ya kawaida, akaona kijani. Ilikuwa asidi inayotokana na fenilalanini iliyozidi. Ugonjwa huo, fenilketonuria, huharibu ubongo polepole, tangu mtoto anapoanza kunyonya, kwa sababu fenilalanini imejaa kwenye damu kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Birmingham, Horst Bickel na wenzake walionyesha kwamba mtoto akipewa chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo hali yake hubadilika. Sharti ni kuwahi.

Kuna uhusiano hapa ambao daktari wa watoto wa Mwananyamala au Temeke anapaswa kuujali. Watoto wenye fenilketonuria mara nyingi huwa na nywele na ngozi nyepesi kuliko ndugu zao, kwa kuwa fenilalanini iliyozidi huzuia kazi ya kutengeneza melanini. Nywele zilizofifia kwa mtoto wa Kiafrika kwa kawaida husomwa kuwa dalili ya utapiamlo, na mara nyingi usomaji huo ni sahihi. Lakini si lazima uwe sahihi kila mara, hasa kama mtoto amenenepa vizuri huku hakai wala hatambai kwa wakati wake.

Ualbino uko kwenye tawi la mwisho, lile la rangi, na hapo ndipo tofauti yake inapojitokeza. Tairosini isiyotumika kutengeneza melanini haina haja ya kurundikana, kwa sababu ina njia nyingine nyingi za kutokea. Kwa hiyo hakuna sumu inayojaa kwenye damu ya mtu mwenye ualbino. Ini lake ni zima na akili yake ni timamu. Kinachokosekana ni rangi, na pamoja na rangi hukosekana ukuaji kamili wa jicho, kwa sababu melanini ina kazi katika kulijenga jicho tumboni mwa mama. Ndiyo maana macho huchezacheza, huumizwa na mwanga, na hayaoni mbali hata kwa miwani mizuri. Hakuna kilichozidi katika mwili huo, iwe cha kudhuru au cha kuponya. Miaka mia moja baada ya mihadhara ya Garrod, watu walikuwa wakiuawa Kanda ya Ziwa kwa imani iliyo kinyume kabisa cha ukweli huo.

Kabla ya kufika huko, inafaa kueleza ni aina gani ya ualbino iliyoenea Tanzania. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuwa na kipimo rahisi: walimng'oa mgonjwa unywele pamoja na shina lake, wakauloweka kwenye maji yenye tairosini, wakasubiri. Shina likigeuka jeusi, kimeng'enya kilikuwapo na kilifanya kazi. Lisipogeuka, hakikuwapo. Waafrika wengi wenye ualbino walikuwa wa kundi la kwanza. Nywele zao ni za njano badala ya nyeupe pe, na wengine hupata madoa ya kahawia wanapokua. Kimeng'enya walikuwa nacho. Tatizo lilikuwa mahali kinapofanyia kazi: ndani ya vifuko vidogo vya seli panakuwa na uchachu mwingi mno, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi vizuri kwenye uchachu.

Mwaka 1994 na 1995 wataalamu wa jeni walionyesha kwamba wengi wa Waafrika hawa, Watanzania wakiwamo, wana kasoro ileile moja: kipande cha herufi 2,700 za jeni kimekatika mahali palepale. Kipande hicho kimekatika kwa namna hiyohiyo kwa watu wa Tanzania, wa Afrika Kusini na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Maana yake ni kwamba kilikatika mara moja, kwa mtu mmoja wa zamani sana, na kikasambaa pamoja na uzao wake katika bara zima. Makadirio yaliyozoeleka kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya watu wapatao 17,000 hadi 20,000. Kwa hesabu hiyohiyo, Mtanzania mmoja kati ya kumi na tisa hivi hubeba nakala moja ya kasoro bila kujua. Kwenye Hiace iliyojaa kutoka Mwenge, mbebaji mmoja ni jambo la kutarajiwa.

Jua la Dar es Salaam, karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, halina msimu wa kupumzika. Na maisha ya vitongoji vyake ni ya nje. Mwenge inajulikana kwa soko la vinyago, ambako wachongaji wa Kimakonde huchonga mpingo wakiwa wameketi chini ya mabanda, na hiyo ni kazi ya kivulini. Lakini kinachozunguka soko hilo ni kazi za juani: kuuza maji kwenye foleni, kupanga nguo chini, kuita abiria, kubeba mizigo, kusukuma mkokoteni. Mtoto mwenye ualbino ambaye haoni ubao shuleni, ambaye hakuwekwa kiti cha mbele wala kupewa maandishi makubwa, huacha masomo mapema, na anayeacha masomo mapema huishia kwenye kazi hizo. Saratani inayoonekana Ocean Road akiwa na miaka thelathini ilianza kwenye darasa ambalo hakusaidiwa. Madaktari walilijua hilo tangu zamani, na ndiyo maana ushauri wa kofia pana na mikono mirefu ulienda sambamba na kuwasihi wazazi wawatafutie watoto elimu na kazi za ndani.

Mauaji yaliyoanza kuripotiwa kwa wingi kuanzia 2006 na 2007 yaliivuruga kazi hiyo. Waganga walikuwa wamewaaminisha wateja, wachimba madini na wavuvi wakiwamo, kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri. Mwandishi wa BBC Vicky Ntetema aliwafuata waganga hao kwa siri mwaka 2008 na kuufichua ukweli, kisha akalazimika kujificha kwa sababu ya vitisho. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama ikawahukumu watu watatu kwa kumuua mtoto. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo nchini. Desemba 2015 Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, aliapishwa kuwa naibu waziri.

Ingawa hofu ilikuwa kubwa zaidi kanda ya ziwa, ilifika hadi pwani. Mtu aliyeogopa kutekwa hakutaka kusafiri kwenda kliniki, na aliyefungiwa katika kambi za kuwalinda watu wenye ualbino hakufika kwa daktari wa ngozi ila daktari alipomfuata. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili aliuawa Muleba, mkoani Kagera, na ikawa wazi kwamba jambo hili halijawa la zamani.

Hata hivyo, hata katika miaka mibaya kuliko yote, jua liliua wengi zaidi kuliko mapanga, na lilifanya hivyo bila kuandikwa magazetini. Kwa hiyo kazi iliyofanyika Moshi inastahili sifa kubwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa mwaka 1992, kilipeleka kliniki za kutembea vijijini, kikawafundisha wahudumu wa afya kugandisha magamba ya awali kwa nitrojeni ya kimiminika kabla hayajawa saratani, na katika miaka ya 2010 kikaanza kutengeneza losheni yake ya kukinga jua, Kilisun, iliyofikiriwa kwa ajili ya ngozi hii na hali ya hewa hii. Losheni ya kuagiza kutoka nje huuzwa ghali kwenye maduka ya Mlimani City, umbali wa kutembea kutoka Mwenge, lakini kwa muuza maji wa barabarani bei hiyo ni sawa na kutokuwapo kabisa.

Kuhusu dawa, historia imezunguka na kurudi kwa Garrod. Kuna dawa iitwayo nitisinoni, ambayo asili yake ni utafiti wa kuua magugu uliotokana na kemikali ya mti wa maua mekundu yenye umbo la brashi, unaopandwa kwenye bustani nyingi za Afrika Mashariki. Dawa hiyo huziba njia ya kuchoma tairosini, hivyo asidi ya homojentisiki haitengenezwi, na mwaka 2020 iliidhinishwa Ulaya kwa watu wazima wenye alkaptonuria. Lakini tairosini yenyewe hupanda katika damu. Watafiti wa Marekani wakajiuliza: je, mrundikano huo unaweza kumfaa mtu mwenye ualbino? Mwaka 2011 walionyesha kwa panya wenye aina moja ya ualbino kwamba manyoya na macho yao yalipata rangi zaidi. Walipojaribu kwa watu watano wazima, ngozi na nywele zilikolea kidogo, macho hayakubadilika. Aina waliyoichunguza si ile iliyoenea Tanzania, ambako kimeng'enya ni kizima na kinachohitajika ni kupunguza uchachu wa mahali kinapofanyia kazi. Utafiti wa aina hiyo unawahusu Watanzania kuliko mtu mwingine yeyote, na ungefaa kuongozwa na Watanzania.

Maradhi yanayorundika sumu hayana mtu wa kuyaona kwa macho barabarani. Ualbino ulipata kliniki kwa sababu unaonekana tangu mtoto anapozaliwa. Fenilketonuria na wenzake huonekana kwa kipimo tu. Mmarekani Robert Guthrie alikitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960: matone machache ya damu ya kisigino kwenye karatasi ngumu, yakaushwe, yapelekwe maabara. Tanzania haijawapima watoto wake wote kwa namna hiyo, lakini mbinu yenyewe si ngeni jijini. Kati ya Januari 2015 na Novemba 2016, Muhimbili na Hospitali ya Temeke zilichukua matone hayohayo ya kisigino kutoka kwa karibu watoto wachanga 4,000 kutafuta selimundu, ugonjwa ulioenea zaidi sana kuliko haya ya asidi amino, na watoto waliokutwa nao wakaanzishiwa huduma mapema. Karatasi ile iliyokaushwa Temeke ina nafasi ya kipimo cha pili. Wauguzi wameshajifunza kuchukua damu, na akina mama wameonyesha kwamba wanakubali watoto wao wapimwe. Kilichobaki ni mashine ya kusoma asidi amino, mtaalamu wa kuitumia, na akiba ya maziwa maalumu kwa mtoto atakayekutwa na tatizo, kwa maana kumpima bila kuwa na cha kumlisha ni kumwonea mama yake.